Kitabu Nilichokificha



Mwaka huu nyumba yetu hapa Tanga imepata neema ambayo hatukuizoea: binti yetu mkubwa amechaguliwa kuingia Chuo Kikuu. Mama yake amekwisha kumnunulia ndoo, mashuka na sanduku la bati, ingawa nilimwambia kwamba siku hizi hapana mwanafunzi achukuaye sanduku la bati. Mimi kazi yangu ilikuwa ni kulipa tu, mpaka usiku mmoja baada ya sala ya Isha, binti alipokuja barazani na karatasi za kanuni za wanafunzi zilizotoka chuoni kwake, akaketi mkekani, akasema, "Baba, tuzisome pamoja. Nataka nijue haki zangu ni zipi, na wajibu wangu ni upi."

Tulizisoma. Zilikuwa nyingi, na zimeandikwa kwa Kiingereza kizito cha mahakamani. Zilieleza haki ya mwanafunzi kufundishwa, kusahihishiwa mtihani wake kwa uadilifu, kukata rufaa akiona amedhulumiwa, kuabudu kwa dini yake, na kujiunga na serikali ya wanafunzi. Kisha zikaeleza yampasayo: asiibe mtihani, asiharibu mali ya chuo, asilaze mtu bwenini ambaye hakuandikishwa. Mama yake, aliyekuwa akichambua mchele pembeni na tukidhani hasikilizi, akauliza: "Na mwalimu akimtaka binti kwa ajili ya alama, je, karatasi zasemaje?" Tukatafuta mpaka tukapaona. Nikamwambia zaidi ya hapo kwamba Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imelifanya jambo hilo kuwa kosa la jinai, na mwenye kulitenda hushitakiwa. Mama yake akamgeukia binti akamwambia, "Basi hilo usiliogope wala usilionee haya. Utatuambia siku ile ile." Nami nakubaliana naye, haya ni sifa njema kwa mwanamwali, walakini haya ya kumficha dhalimu si haya.

Tulipofika penye kanuni za maktaba palikuwa na mstari mmoja mfupi, unaokataza kuficha kitabu au kuchana kurasa zake. Binti aliusoma upesi akataka kupita. Nikamwambia asimame hapo. Akauliza kwa nini. Usiku ule sikuweza kumjibu. Nikasingizia kichwa, nikaenda kulala. Haya niandikayo leo ndiyo jibu lake, naye atalisoma pamoja nanyi.

Mwaka 1994 nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha nchi hii. Darasa letu la takwimu lilikuwa na watu 34, na kitabu tulichoagizwa kukisoma kilikuwa na nakala mbili katika maktaba nzima. Moja ilikuwa imepotea tangu zamani. Hiyo ya pili iliwekwa mezani kwa mkutubi, na mtu akiazimwa kwa saa mbili tu, akisomea humo humo ndani, kisha akirudisha ampe mwenziwe. Mashine ya kunakili ilikuwapo, lakini bei yake haikuwa ya mfuko wa mwanafunzi.

Zilipobaki siku kumi na mbili za mtihani, nilikiazima kile kitabu saa kumi ya jioni. Siku hiyo mezani palikuwa na kijana mgeni wa kazi, na watu walikuwa wengi. Nilipomaliza saa zangu mbili sikukirudisha. Nilipanda ghorofa ya juu, penye majuzuu ya ripoti za serikali ya kikoloni ambayo hapana ayafunuaye, nikakisukuma nyuma yake, kikalala ukutani. Tangu siku ile nikawa na kitabu changu peke yangu. Nilikuwa nikienda saa mbili za usiku, nikikaa kwenye kona ile kama mtu apendaye sana historia ya ukoloni. Kijana wa mezani aliulizwa, akatafuta, akalaumiwa. Sikusema neno.

Nilikuwa na mwenzangu mtu wa Kondoa, tuliyekuwa tukisali pamoja katika chumba kilichotengwa kuwa msikiti. Alinijia siku moja baada ya sala ya Alasiri akaniuliza, "Ndugu yangu, kile kitabu hujakiona po pote? Sura ya saba hainiingii kabisa." Nikamjibu kwamba sikukiona. Nilikuwa bado nimeketi juu ya msala. Jioni ile nilimwona akipita rafu moja baada ya moja, akiinama na kuinuka, mpaka kengele ya kufunga maktaba ilipolia. Alifika mpaka ghorofa ile niliyokuwamo. Akanipungia mkono.

Maswali mawili ya mtihani yalitoka katika sura ya saba. Mimi nilipata alama ya juu. Mwenzangu alifeli somo hilo pamoja na jingine, akafeli tena mtihani wa marudio, na kwa kanuni za wakati ule akaondoshwa chuoni. Nilimsaidia kubeba mzigo wake mpaka kituo cha basi. Hata leo sijui niseme nini juu ya hilo la kubeba mzigo.

Siku mbili baada ya mtihani nilikuwa nimekwisha kukirudisha kitabu mahali kilipostahili, nikajiambia kwamba mali ya chuo imerudi salama, na hapana aliyepungukiwa. Kwa muda wa miaka thelathini fikira hiyo ilinitosha. Nilifundishwa tangu utoto kwamba amana hurudishwa kwa wenyewe, nami niliirudisha. Nilichokosa kukiona ni kwamba mwenye amana ile hakuwa chuo peke yake. Saa mbili za kila mtu katika wale 33 zilikuwa mali yake, na mimi niliziiba saa hizo kwa siku kumi na mbili, na saa hazirudishwi katika rafu.

Wazee wetu katika Uislamu walilifahamu jambo hili vizuri zaidi, kwa sababu vyuo vyao viliendeshwa kwa wakfu, na mali ya wakfu huonekana kwa macho. Katika Baghdad, Madrasa ya Mustansiriyya, aliyoifungua Khalifa al-Mustansir mwaka 1234, ilifundisha madhehebu yote manne chini ya paa moja, na wanafunzi wakipata chakula, posho, karatasi na wino kutokana na wakfu. Pale al-Azhar, Cairo, wanafunzi walikaa katika riwaki, yaani makao yaliyogawanywa kwa kufuata nchi walizotoka: Wamaghribi wana yao, watu wa Sham wana yao, na watu wa pande za Uhabeshi na Zeila wana yao iliyoitwa riwaki ya Jabarti. Yule mwanahistoria al-Jabarti, aliyeandika khabari za Wafaransa walipoingia Misri mwaka 1798, alitokana na ukoo uliokuwa ukiisimamia. Riwaki zilikuwa na mikate yake, iliyogawiwa wanafunzi kwa hesabu. Basi mtu akichukua miwili, mwenziwe hulala na njaa, na wote wawili hujuana kwa nyuso. Vitabu navyo viliandikwa neno wakfu, ili kila akifunguaye ajue kwamba kuna mwingine anayekingojea, hata ikiwa huyo mwingine bado hajazaliwa.

Katika vyuo vya leo mkate hauonekani. Mwanafunzi anaona majengo, anaona afisi, anaona Serikali, naye hudhani kwamba shughuli yake yote ni baina yake na hao walio juu. Binti yangu mwenyewe alipouliza habari ya haki, swali lake la kwanza lilikuwa: "Je, tuna haki ya kuandamana?" Nikamsimulia khabari ya mwaka 1966, maana ni vizuri kijana aijue.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Miaka mitano baadaye, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wake pamoja na wenzao wa vyuo vingine waliandamana mpaka Ikulu, kupinga amri ya kwamba wasomi walitumikie Taifa kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mishahara yao. Walisema kwamba viongozi wenyewe wanakula mishahara mikubwa. Walisema pia, katika bango lililowaudhi wengi, kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400, na papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi katika vijana wale waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka uliofuata.

Mimi nilipokuwa mdogo nilisikia khabari hii ikisimuliwa kama kisa cha watoto wasio na shukurani. Nilipokua nikaisikia ikisimuliwa kama kisa cha vijana mashujaa. Naona kila upande una chake. Hao vijana walisahau ni jasho la mkulima gani lililowasomesha. Lakini neno lao juu ya mishahara ya wakubwa lilikuwa na ukweli, na ushahidi wake ni kwamba mkubwa kuliko wote alilitenda kabla jua halijatua. Kwa hiyo nilimjibu binti kwamba kusema ni haki, na kuchagua maneno ni wajibu, na yote mawili ni ya mtu yule yule. Walakini nilipokuwa nikimweleza haya nilijikuta nikifikiri kwamba katika masimulizi yote mawili hapana ataje habari ya mwanafunzi kwa mwanafunzi mwenziwe. Watu hubishana juu ya deni la kijana kwa Serikali na deni la Serikali kwa kijana, na mimi sikumdhulumu Rais wala Waziri. Nilimdhulumu mtu niliyesimama naye bega kwa bega katika safu ya sala.

Yako mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.) yanayojulikana sana, juu ya mtu aliyefilisika kweli kweli: naye ni yule ajaye Siku ya Kiyama na sala zake na saumu zake na zaka zake, kisha wanasimama waja aliowadhulumu, nao wanalipwa kutokana na thawabu zake, mpaka zinakwisha naye bado anadaiwa. Haki ya Mwenyezi Mungu, Yeye husamehe kwa rehema Yake. Haki ya mja humngoja mja mwenyewe. Mambo haya niliyasoma chuoni Qur-an nikiwa na miaka kumi, na nilimsomesha binti yangu. Ulikuwa ni mstari ule wa kanuni za maktaba ulionifanya niyasikie.

Basi nilianza kumtafuta mwenzangu. Haikuchukua siku nyingi. Watu wa Kondoa wanajuana. Nikakata tikiti ya basi mpaka Dodoma, nikalala, na asubuhi nikapanda gari la Kondoa. Nilimkuta kwenye kinu chake cha kukamua alizeti, nguo zimejaa mafuta na mashudu, ndevu zimekuwa nyeupe kuliko zangu. Alinitambua kabla sijasema. Aliniletea chai, akaniuliza habari za watoto, nami nikawa naikoroga chai isiyohitaji kukorogwa. Hatimaye nikamwambia yote, tangu ile saa kumi ya jioni mpaka ule mkono alionipungia.

Alinyamaza kitambo. Kinu kilikuwa kikiunguruma, na mtumishi wake akaja kumwuliza jambo, akamjibu kama kwamba hapana lililotokea. Kisha akasema, "Lile somo jingine nililifeli mwenyewe, usijibebeshe. Hili la takwimu sijui. Pengine ningepita, pengine nisingepita. Hilo ndilo ulilonichukulia: kujua." Nikainamisha kichwa. Akaendelea, "Yangu nimekusamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na sitaki fedha. Lakini mbona umenijia mimi tu? Tulikuwa darasa zima. Na yule kijana wa mezani je?"

Sitaki kusema uongo, wasomaji: nilikuwa nimekwenda Kondoa nikitumaini kurudi mwepesi. Nilirudi na mzigo wa watu thelathini na wawili, na wa kijana mmoja wa mezani ambaye hata jina lake silijui.

Hapa Tanga nilimwendea sheikh mmoja ninayemwamini. Nilimwuliza: wengine wao ni Wakristo, je, nao? Alinitazama kwa mshangao, akasema kwamba dhuluma haiulizi dini ya aliyedhulumiwa, na kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaonya vikali Waislamu wasimdhulumu asiye Mwislamu aliye katika ahadi nao. Akanielekeza kwamba wale nitakaoweza kuwapata niwaombe radhi mmoja mmoja, bila ya kujitetea. Na wale waliofariki, au nisioweza kuwapata, nizidishe kuomba maghufira, na nitoe lililo jema litakalowafaa watu mfano wa wale.

Kwa sababu ya hilo la mwisho nilikwenda katika maktaba ile ile, nikitaka kununua nakala kumi za kitabu cha takwimu. Mkutubi, mama mwenye miwani, alinisikiliza kwa adabu sana kisha akaniambia kwamba kitabu kile hakisomeshwi tena, na vinavyosomeshwa sasa vingi husomwa katika kompyuta, ambamo watu mia waweza kukifungua kitabu kimoja kwa mara moja. Nikamwambia, Alhamdulillahi, basi dhambi yangu imekufa. Akacheka. "Haikufa, Baba. Siku hizi hawafichi vitabu, wanafichana khabari. Mwalimu akituma maelezo kwa kiongozi wa darasa, yeye huwapa rafiki zake usiku na wengine asubuhi ya mtihani. Wako wanaoandikiwa tasnifu kwa fedha, na wako wanaoandikiwa na mashine, kisha hupata alama sawa na aliyekesha." Alipoona nimenyamaza akaniambia kwamba wanachokosa wanafunzi wengi ni viti na pahali pa kuchomeka umeme. Nikalipia viti. Sikutaka jina langu liandikwe, na pia niliona aibu kumweleza sababu.

Hayo ya mkutubi nilimhadithia binti yangu. Vilevile nikamwambia habari ya mkopo wake. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, humkopesha huyu kwa sehemu itokanayo na marejesho ya wale waliotangulia. Vijana wakimaliza masomo hulalamikia makato ya mshahara, na yako malalamiko yaliyokuwa ya haki. Ile asilimia sita iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka juu ya deni, iliyowatia Waislamu wengi wasiwasi wa riba, iliondolewa mwaka 2021. Lakini mtu ajifichaye asilipe kabisa, nilimwambia, hamkimbii Waziri wa Fedha. Anakaa na kitabu nyuma ya majuzuu, na yuko mtoto wa Kondoa anayekitafuta.

Hapo ndipo binti alipong'amua. "Kumbe Baba ni wewe," akasema. Nikamwambia ni mimi. Hakusema zaidi. Alizikunja zile karatasi, akaziweka katika sanduku la bati, ambalo, mama yake alishinda, ameondoka nalo.

Nimeyaandika majina yote ya darasa letu katika daftari. Katika watu 33 nimekwisha kuwapata 19. Wanne wamefariki, Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia katika imani, na jamaa za wengine nimewapa pole. Kati ya hao 19, kumi na wanane wamenisamehe; baadhi yao walicheka, na mmoja alikiri kwamba yeye ndiye aliyepoteza ile nakala ya kwanza. Aliyebaki ni mama mmoja, ambaye wakati ule alikuwa akija darasani na mtoto mchanga, na saa mbili za kitabu kwake zilikuwa ghali kuliko kwetu sote. Alinijibu kwamba ameisoma barua yangu na atafikiri. Ana haki ya kufikiri, nami sitamhimiza.

Wamebaki kumi. Ikiwa wewe usomaye gazeti hili ulikuwa katika darasa la takwimu mwaka 1994, katika chuo ambacho maktaba yake ina ngazi za mawe na mwembe mlangoni, au ikiwa mumeo, mkeo au ndugu yako alikuwamo, tafadhali nipatie khabari. Zaidi ya wote namtafuta kijana aliyekuwa mgeni wa kazi pale mezani kwa mkutubi mwaka ule, ambaye sasa amekwisha kuwa mtu mzima. Jina langu la kweli na namba yangu ya simu viko kwa Mhariri.

Wabillahi tawfiq.